Baba Neema, Gari Lako Limo Ghalani

Baba Neema,

Sianzi kwa kukuuliza hali, maana huko uliko sijui kama watu huugua au hupona. Mimi sijambo ya mdomoni tu. Naandika mbio mbio, ndiyo maana mwandiko umekaa upande, na usiucheke kama ulivyozoea kuzicheka orodha zangu za sokoni. Nimekaa kwenye meza yetu hapa Maisaka, mvua inapiga bati, simu iko mbele yangu, na mwanao hapatikani.

Ngoja nikueleze kwa mpangilio, kwa sababu hukupenda mtu anayeanzia katikati. Neema amelichukua gari. Nilimpa ufunguo Jumatatu asubuhi, na haki ya Mungu niliutoa kama mtu anayeng'olewa jino. Ameamua kuifanya kazi yako: dawa za mifugo na chanjo, mnada hadi mnada, na kuishi humo humo garini kama tulivyoishi sisi miaka minne. Nilimpa mablanketi matatu. Nilimpa chupa mbili za chai. Nilimwambia afunge milango ya gari akilala, asile nyama asiyoiona ikichomwa, asimsikilize mwanamume anayeita "mrembo" kutoka upande wa pili wa mnada. Nimemwambia mambo hata akaniuliza, "Mama, kuna lingine?" Nikasema hakuna.

Lilikuwepo. Ndilo linaloniua leo.

Saa sita mchana ameniletea ujumbe. Naunakili kama ulivyo: "Shikamoo mama. Bashnet huku mvua ya mawe balaa. Yule mama rafiki yenu kanipa ghala nimeingiza gari kioo kisivunjike. Nawasha hita nalala kidogo. Usijali, niko poa." Nikampigia papo hapo. Haipatikani. Sasa ni saa nane na nusu na bado haipatikani. Nimemwandikia ujumbe, TOKA GHALANI SASA HIVI, kwa herufi kubwa zote, na kialama kinaonyesha haujafika. Namba ya yule mama mwenye ghala ilikuwa kwenye simu yako, na simu yako anayo Neema. Nimetoka mpaka barabarani kutafuta pikipiki ya kunipeleka, vijana wakanitazama na kuitazama mvua, mmoja akasema, "Mama, Bashnet saa hizi? Hapana kwa kweli." Ndiyo nimerudi kukaa. Nikikaa bure nitapiga kelele, basi nakuandikia wewe.

Unakumbuka siku ulipolileta gari lile? Wenzako wakipata kiinua mgongo wanajenga vyumba vya kupangisha. Wewe ukaenda Dar es Salaam ukarudi na gari la haibridi, mtumba wa Japani, lenye soketi ya umeme nyuma ya kiti. Nilisimama getini nikasema, "Baba Neema, umechanganyikiwa?" Ukajibu, "Nimeleta nyumba, Mama Neema. Tofauti ni magurudumu tu." Nilitamani kulia na kucheka kwa pamoja.

Lakini nilikuelewa, hata kama sikukupa raha ya kukuambia. Miaka yote ya ubwana mifugo nilikuona ukibeba chanjo kwenye kasha la barafu, na barafu ikifika Magugu imeshakuwa maji. Ile siku ulipotupa kasha zima shimoni hukula chakula cha jioni. Ulihamishiwa hapa Babati mwaka ule mkoa ulipokatwa kutoka Arusha, Neema akazaliwa mwaka huo huo, nawe ulikuwa ukiwaambia watu kwamba mkoa na binti yako vinalingana umri na vyote viwili vinakukosesha usingizi. Ulipostaafu ulitaka kitu kimoja tu: chanjo imfikie mfugaji ikiwa baridi. Gari ndilo lilikuwa jibu lako.

Ukanikalisha kiti cha mbele ukanifundisha kama mwanafunzi wa kipaimara. Kuna injini ya petroli, na kuna betri kubwa nyuma. Ukiegesha ukaiacha ile taa ndogo ya kijani ikiwaka, betri ndiyo inayoendesha kiyoyozi, friji la chanjo na taa yako ya kusomea. Ikipungua nguvu, injini inajiwasha yenyewe, inaichaji dakika chache, kisha inajizima. Hakuna jenereta, hakuna kelele, hakuna kumwomba mtu umeme. "Ni kama ng'ombe anayecheua," ulisema. "Unadhani amelala, kumbe yuko kazini." Nikasema ndiyo ndiyo, nikiwa nawaza nitaoga wapi.

Ah, tulikuwa na siku nzuri pia, nisikudhulumu. Magugu, jua la saa saba, wachuuzi wenzetu wanajipepea kwa maboksi, na sisi ndani tumejilaza, kiyoyozi kinavuma taratibu mpaka ukaniomba nikupe kitenge ujifunike. Mzee mmoja Mbarbaigi aligonga kioo akitaka dawa ya kupe, ulipofungua mlango ile hewa ikampiga usoni, akasema, "Kumbe baridi ya Mbulu mmeileta huku!" Na chai? Lile birika letu la nyumbani kwenye umeme ule hafifu wa Kijapani lilichukua muda ambao mtu angechinja kuku, akamnyonyoa na kumpika. Wewe ulikuwa unalisubiri kwa subira ambayo hukuwahi kuwa nayo mimi nilipokuwa navaa.

Na lile kosa langu la kwanza. Pembeni mwa kiti cha nyuma kulikuwa na kidirisha chenye vyuma vyembamba, kibaya machoni, nikakitandikia kitenge changu kizuri cha maua. Tulikuwa bado hatujapita Bonga, taa ya hatari ikawaka, gari likaanza kulegea. Ukasimamisha kando, ukakagua kote, mwisho ukakiinua kitenge kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya. "Mama Neema. Umeiziba betri pua." Hapo ndipo betri ilipokuwa inavutia hewa, kumbe, na mimi nimeipambia maua. Tangu siku hiyo kila Jumamosi ulikisafisha vumbi kwa brashi ya kupakia rangi, na wimbo wako ukawa mmoja: gari linapumua, gari linapumua, usilizibe.

Wimbo ule niliusikia mara ngapi, Baba Neema? Basi huwezi kusema sikuambiwa.

Kitu nilichokuficha ni aibu. Nilikuwa naona aibu ya kuishi garini. Wewe ulikuwa huioni, wewe ungeweza kupiga mswaki mbele ya mnada mzima na kusalimia watu na povu mdomoni. Mimi nilitundika kanga kwenye kila kioo. Nilificha sufuria, nilificha ndala, nilificha mito. Bi Zuhura wa duka la kona aliwahi kuniuliza, "Mama Neema, nyumba mnayo, mnalala garini kama watalii, kulikoni?" Alikuwa ananitania tu, ndiyo kawaida yake. Lakini utani ule ulinikaa rohoni. Nilikuwa nikipita dukani kwake nikiangalia upande wa pili.

Nimepiga tena sasa hivi. Haipatikani.

Basi nafika pale ambapo sijawahi kufika na wewe wala na mtu yeyote. Bashnet, siku ile ya mvua ya mawe. Yule mama alituonea huruma akatufungulia ghala lake la mahindi. Uliingiza gari, ukaiacha wazi milango yote miwili ya mabati, na mlango mmoja ulipokuwa unarudishwa na upepo ukatafuta jiwe kubwa ukauegemezea. Ukaniambia, "Usifunge. Lazima moshi utoke." Baridi ilikuwa ya kung'ata meno, na hita, tofauti na kiyoyozi, inataka injini iamke kila mara. Uliwasha, ukalaza kiti, ukasinzia, maana ulikuwa umechanja mbuzi wa boma zima asubuhi ile.

Nje, chini ya upenu wa nyumba ya pili, walijikinga wanawake wa mnadani. Walikuwa wanatutazama moja kwa moja kupitia ule mlango. Walikuona umelala mdomo wazi. Waliona mito yetu, waliona nguo yangu ya ndani niliyoianika nyuma ya kiti. Mmoja akasema neno kwa Kiiraqw, akidhani sielewi, na Kiiraqw ndiyo lugha aliyonilea nayo mama yangu. Alisema, "Maskini, hawa hawana kwao."

Nikashuka. Nililisukuma jiwe lile kwa mguu, halikwenda. Nikaliinamia nikaliburuta kwa mikono miwili mpaka ukutani. Nikafunga milango yote miwili, nikarudi ndani nikajifunika. Gari lilikuwa kimya. Nikajiambia limezima, kuna ubaya gani, nitafungua hao wakiondoka. Nilikuwa nimeshasahau ng'ombe wako anayecheua. Lilikuwa limenyamaza kwa dakika zile tu, na lilipoamka kujichaji na kutupasha joto mimi nilikuwa nimeshapitiwa na usingizi.

Kama yule mama asingekuja kuchukua magunia matupu, Neema angekuwa yatima siku ile ile. Nakumbuka kichwa kikinigonga, nakumbuka nikitaka kunyanyua mkono na mkono haukubali. Alikuburuta wewe kwanza, kisha mimi, akatulaza kwenye matope na mvua juu yetu. Tulitapika mpaka nyongo. Ulipopata sauti uliuliza, "Nani alifunga?" Nikasema, "Upepo." Wewe ukalitazama jiwe. Lilikuwa limekaa vizuri kabisa kando ya ukuta. Ulilitazama muda mrefu, halafu ukasema, "Basi, ni upepo."

Watu tukawaambia ni maziwa yaliyoharibika. Neema, akiwa chuoni, naye tukamwambia ni maziwa. Yule mama wa ghala akaamini hivyo hivyo, ndiyo maana leo amemfungulia mwanangu mlango kwa roho safi. Na wewe siku ile kabla hatujaondoka ulilichukua jiwe, ukaliweka chini ya kiti. Nilidhani ni la kuzuia gurudumu mlimani. Sikuuliza, kwa nini niulize, nilikuwa nataka kila kitu cha siku ile kitoke machoni pangu.

Mwaka uliofuata ukaondoka. Daktari alisema ni presha, ya siku nyingi, ungeanguka tu. Nilitaka kumuuliza kama moshi wa gari, ukivutwa mara moja, unaweza kubaki kwenye moyo wa mtu na kuumaliza polepole. Nilisimama mlangoni pake na swali hilo mdomoni. Nikamshukuru nikaenda zangu. Miaka miwili nalala na swali hilo, na kila nikimwona Neema akiliwasha gari uwanjani, kila wiki, ili betri isife, nilikuwa nasema leo nitamwambia. Nikifungua mdomo natoa habari za mboga.

Yaani kwa ajili ya maneno ya mwanamke nisiyemjua nusura nikuue, na kwa kuficha hilo sasa labda nimemuua mtoto. Ni Bashnet ile ile, ghala lile lile, hita ile ile. Ee Mungu wangu, sijui hata ni

Laini ya pili! Neema ana laini ya pili, ile ya kuagizia bidhaa. Namba sina. Bi Zuhura anayo, kwake ndiko anakoagiza sukari na biskuti za kuuza. Jamani, kichwa hiki! Ngoja.

Nimerudi. Kanga inachuruzika maji, nimelowesha karatasi, samahani kwa hayo madoa.

Nimekimbia bila viatu, Baba Neema, mimi, mtu mzima na magoti haya. Dukani wamejaa watu waliojikinga mvua, kama saba hivi. Bi Zuhura akaniona akasema, "Karibu, Mama Neema, leo unaogea kwangu?" Nikamwambia, "Mpigie Neema. Laini ile nyingine. Mpigie!" Sijui aliona nini usoni pangu, hakuuliza. Akabonyeza, akanikabidhi simu. Ikaita. Ikaita mpaka nikaanza kusali kwa sauti. Halafu nikasikia, "Shikamoo Bi Zuhura."

Nilipiga ukelele. "Ni mama! Toka! Toka humo ghalani, zima gari, toka nje!"

"Mama, taratibu. Nini? Milango iko wazi."

"Yote miwili?"

"Yote. Nimeweka jiwe la baba."

Nikauliza jiwe gani. Akasema, kwa ile sauti yake ya mwalimu, "Lile la chini ya kiti. Baba alinipa masharti kabla ya kunifundisha hata gia: popote penye paa, jiwe kwanza, hita baadaye. Alisema hapa hapa Bashnet aliwahi kuona baridi, akaliondoa jiwe mwenyewe akafunga, nusura mfe wote wawili. Akaniapisha nisikuulize. Eti anakuonea aibu mpaka leo."

Nikakaa kwenye gunia la sukari.  Watu wote dukani walikuwa wananitazama mimi na tope langu, Bi Zuhura amesimama na kibaba cha mchele mkononi. Nikafikiri, sawa, watazame. Nikasema kwa sauti ambayo kila mmoja aliisikia, "Neema, si baba. Ni mimi. Niliona aibu watu wanatuona tunaishi garini. Jiwe nililiondoa mimi kwa mikono hii, nikafunga, nikamwambia baba yako ni upepo."

 Nikasikia mvua ya kule kwenye simu na mvua ya huku masikioni. Kisha mwanao akacheka kidogo, kwa upole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa.

"Mama jamani. Baba alisema siku moja utajaribu kumtetea. Mwache tu. Mimi nilishamsamehe zamani."

Nikarudia. Nikamwapia. Akasema, "Sawa mama, nimesikia, kanywe chai, hapa mtandao mbovu," na simu ikakata. Hakuniamini, Baba Neema. Uongo wako umekaa vizuri kuliko ukweli wangu.

Bi Zuhura alinitoa kwenye gunia, akanizungushia taulo jipya kutoka rafuni. Sikusikia utani. Alisema tu, "Mimi nimekusikia, Mama Neema," akanisindikiza mpaka getini na mwavuli wake.

Sasa nimekaa hapa na nimekukasirikia. Ulijua. Ulilitazama lile jiwe ukajua upepo hauburuti jiwe na kuliegesha kando ya ukuta. Ukaishi na mimi mwaka mzima ukinywa chai yangu, na hukusema neno. Ungenigombeza tu! Ningelia siku mbili yakaisha. Badala yake ulijitwika wewe, ukampa mtoto onyo na ukampa mtu wa kumsamehe, na mimi ukaniacha nimejificha humo humo nilimojificha. Sijui nikushukuru au nikununie. Nimekununia kwa leo. Mtoto yuko hai kwa sababu yako, hilo nalijua, na bado nitampigia kabla giza halijaingia, na kesho nitampigia simu akifika mnada wa Dareda, na hofu hii sidhani kama itaniisha akiwa barabarani.

Barua hii siibandiki gundi. Naiacha wazi hapa mezani, chini ya kile kikombe chako cha bati. Ijumaa Neema anarudi, ataikuta, ataisoma mpaka mwisho, na safari hii hatakuwa na mtandao mbovu wa kusingizia. Akutoe wewe kwenye kosa lile. Akitaka kunisamehe mimi, anisamehe mimi.

Mvua imepungua, naona mwanga upande wa Sigino. Lala, baba watoto. Umefanya kazi yako.

Mkeo, aliyeufunga mlango,
Mama Neema